Ramani ya korona ya Johns Hopkins na wenzake: tathmini ya mtumiaji wa kila siku

Kwa muda wa miaka mitatu, tangu Februari 2020 hadi ilipofungwa tarehe 10 Machi 2023, ramani ya kufuatilia virusi vya korona iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani ndiyo iliyokuwa ukurasa wangu wa kwanza kila asubuhi nilipokaa mezani. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuandaa muhtasari wa nusu ukurasa kwa viongozi wa taasisi niliyokuwa nikiitumikia, ili wajue ugonjwa umefika wapi, unapanda wapi na unashuka wapi. Nimeitumia ramani hiyo kwa shukrani, nimeitumia kwa hofu, na mara moja nimeitumia kwa kosa ambalo sitalisahau. Haihuishwi tena, lakini mafaili yake yote bado yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyapakua, na dashibodi nyingi za magonjwa zilizokuja baadaye zimerithi sura yake pamoja na kasoro zake. Kwa sababu hiyo naona bado inafaa kupimwa kwa makini, sambamba na huduma nyingine chache ambazo nililazimika kuziweka pembeni yake nilipotambua kwamba peke yake hainitoshi.

Nianze na sifa zake, maana inazistahili. Iliwekwa hadharani tarehe 22 Januari 2020, siku nane kabla Shirika la Afya Duniani halijatangaza kwamba mlipuko huo ni dharura ya afya ya umma ya kimataifa, wakati watu wengi walikuwa hawajawahi kulisikia jina la Wuhan. Walioijenga ni Ensheng Dong, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, na msimamizi wake Profesa Lauren Gardner. Mwanzoni takwimu ziliingizwa kwa mkono, zikichukuliwa hasa kutoka tovuti ya Kichina ya DXY iliyokuwa ikikusanya taarifa za kila jimbo. Kuanzia Februari mosi sehemu ya kazi hiyo ikakabidhiwa programu iliyosoma vyanzo yenyewe, huku binadamu wakibaki kukagua. Kufikia Machi mwaka huo mitambo yake ilikuwa ikipokea maombi zaidi ya bilioni moja kwa siku, na umaarufu huo uliwavutia hata wahalifu wa mtandaoni, ambao walisambaza nakala bandia ya ramani hiyo yenye programu ya kuiba nywila. Mwaka 2022 Profesa Gardner alitunukiwa Tuzo ya Lasker-Bloomberg ya Utumishi wa Umma, na kwa maoni yangu tuzo hiyo ilifika mahali pake. Kitu ninachokithamini kuliko vyote, hata hivyo, ni kwamba tangu siku za mwanzo takwimu zenyewe ziliwekwa GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana mafaili ya programu na takwimu, bila malipo na bila masharti ya kujisajili, jambo lililomwezesha mtu mwenye kompyuta ndogo na intaneti ya kusuasua kufanya hesabu ileile iliyofanywa na wizara tajiri.

Sasa tuingie kwenye ramani yenyewe. Mandhari yake ilikuwa nyeusi, na juu ya weusi huo yalitapakaa maduara mekundu, kila moja likiwakilisha nchi, jimbo au wilaya, na ukubwa wake ukifuata idadi ya wagonjwa waliothibitishwa. Upande wa kushoto kulikuwa na orodha ya nchi ikianzia na iliyo juu, na jumla ya dunia iliandikwa kwa tarakimu kubwa ambazo jicho lilizikimbilia kabla ya kitu kingine chochote. Sura hiyo ilikuwa na nguvu, lakini nguvu hiyo ilisukuma akili mahali pasipofaa. Maduara yalihesabu wagonjwa wote tangu mwanzo, kwa hiyo duara halikuwa na uwezo wa kupungua. Nchi iliyokwisha kupita wimbi lake na kutulia iliendelea kung'aa vilevile wekundu kama nchi iliyokuwa ikizidiwa usiku huohuo. Mtu aliyetaka kujua kirusi kipo wapi leo alionyeshwa mahali kilipowahi kuwa.

Kisha kuna suala la mahali duara linapokaa. Kwa nchi nyingi hapakuwa na mgawanyo wa mikoa, hivyo duara moja liliwekwa karibu na katikati ya nchi. Fungua jedwali lao na utafute Algeria: utakuta latitudo ya 28.0339 na longitudo ya 1.6596. Ukiifuata nukta hiyo kwenye ramani ya kawaida utajikuta katikati ya jangwa la Sahara, ilhali sehemu kubwa ya watu wa nchi hiyo wanaishi kaskazini, kwenye ukanda wa pwani ya Mediterania. Ninaelewa kwamba watengenezaji hawakuwa na njia nyingine kwa nchi ambazo hazikutoa takwimu za mikoa, na siwalaumu kwa hilo. Ninachosema ni kwamba ramani inayoweka ugonjwa jangwani haina budi kumwambia msomaji, kwa maandishi yanayoonekana, kwamba nukta hiyo ni anwani ya takwimu wala si anwani ya wagonjwa.

Kosa langu nililolitaja lilitokana na maduara hayo hayo. Katikati ya mwaka 2020 taasisi yetu ilihitaji kuwapeleka watumishi wachache katika mojawapo ya nchi mbili, nami nikaulizwa ipi ni salama zaidi. Nikatazama ramani, nikaona nchi moja ina duara kubwa na nyingine ina duara dogo, nikaandika sentensi moja ya kupendekeza ile yenye duara dogo. Mzee mmoja wa maabara, aliyekuwa amepewa nakala, alinipigia simu na kuniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huko wanapima watu wangapi kwa siku?" Sikuwa nimetazama. Nilipotazama nikakuta kwamba nchi yenye duara kubwa ilikuwa ikipima watu wengi mno kulingana na idadi ya wakazi wake, na kati ya vipimo mia moja ni viwili au vitatu tu vilivyotoa majibu chanya; ile yenye duara dogo ilikuwa ikipima wachache sana, na karibu theluthi ya vipimo vyake ilikuwa chanya. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri Mei mwaka huo kwamba nchi isilegeze masharti yake kabla kiwango cha majibu chanya hakijakaa chini ya asilimia 5 kwa siku 14 angalau, na mimi ushauri huo nilikuwa nimeusoma. Niliusoma, lakini duara jekundu lilikuwa limeniingia machoni kwanza. Nilirekebisha muhtasari kabla watumishi hawajaondoka, na tangu siku hiyo sikuandika tena idadi ya wagonjwa wa nchi yoyote bila kuandika pembeni yake idadi ya waliopimwa.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisisitiza katika tathmini hii yote. Idadi ya wagonjwa waliothibitishwa ni zao la vitu viwili vilivyozidishwa, kirusi chenyewe na juhudi za kukitafuta, na ramani iliyotuonyesha zao hilo bila kututenganishia vitu hivyo viwili ilituachia kazi ngumu zaidi tuifanye wenyewe. Anayetilia shaka na atazame siku chache mahususi katika mafaili yake. Mnamo Februari 2020 mkoa wa Hubei ulitangaza wagonjwa wapya 14,840 kwa siku moja, na mstari wa China ukapanda kama ukuta. Kirusi hakikuwa kimelipuka siku hiyo. Wakuu wa afya walikuwa wameamua kuwahesabu pia wagonjwa waliotambuliwa na madaktari kwa dalili na picha za mapafu bila kusubiri kipimo cha maabara. Desemba 2020 Uturuki, ambayo kwa miezi kadhaa ilikuwa ikitangaza tu watu wenye dalili, iliwaongeza kwa mkupuo mmoja wale wasio na dalili, na jumla yake ikaruka kwa zaidi ya watu 800,000. Na mwanzoni mwa Oktoba mwaka huohuo Uingereza ilionekana kupata ongezeko la kutisha mwishoni mwa wiki, kumbe majibu 15,841 yalikuwa yameachwa nje kwa siku nane kwa sababu yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilidondoka kimyakimya, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kuarifiwa.

Ramani ya Johns Hopkins ilipokea mambo haya yote kama yalivyokuja. Timu yake iliandika maelezo ya marekebisho kwenye ukurasa wa GitHub, na maelezo hayo ni mazuri, ya uaminifu, yenye tarehe na sababu. Lakini yalikaa chumba cha nyuma, mahali ambapo mtu anayefungua ramani kwa simu akiwa na wasiwasi juu ya familia yake hatafika kamwe. Naliona hilo kuwa pungufu kubwa kuliko rangi au maduara. Alama ndogo ya nyota juu ya ule ukuta wa Februari, yenye sentensi moja ya maelezo, ingeokoa maelfu ya mazungumzo yenye hofu.

Katika mafaili hayo kuna mstari mmoja ambao hausomeki kama mingine, nao nimeurudia mara nyingi. Ni mstari wa meli ya Diamond Princess. Katika safu ya latitudo na longitudo wameandika sifuri na sifuri, nukta ambayo ukiitafuta iko baharini kwenye Ghuba ya Guinea, ingawa meli yenyewe iliwekwa karantini Yokohama, Japani, Februari 2020. Ilikuwa na watu 3,711, na hatimaye waliokutwa na kirusi walikuwa 712, yaani karibu mmoja kati ya watano. Kinachoufanya mstari huu uwe wa thamani ni kwamba karibu kila aliyekuwemo alipimwa, mwenye homa na asiye na homa, hivyo tunajua waliokutwa na kirusi ni wangapi na tunajua pia ni wangapi kati ya wangapi. Kati ya hao 712, watu 331 hawakuwa na dalili yoyote siku walipopimwa. Nchi iliyokuwa ikipima wagonjwa waliofika hospitali pekee ingekuwa imewakosa karibu nusu yao. Kila ninapoutazama mstari huo huwa najiuliza nchi zilizo juu na chini yake kwenye jedwali zingesomeka vipi kama zingepimwa kwa namna hiyo.

Huduma iliyokaribia kulijibu swali hilo kwa nchi nzima ni uchunguzi wa maambukizi uliofanywa na Ofisi ya Takwimu ya Taifa ya Uingereza, ulioanza kwa majaribio England Aprili 2020 na kusitishwa Machi 2023. Badala ya kungoja wagonjwa, ofisi hiyo ilichagua kaya kwa bahati nasibu, na wanakaya walichukuliwa sampuli za pua na koo wawe wanaumwa au hawaumwi. Baadhi yao walitoa na damu ili kutafuta kingamwili. Kutokana na sampuli hizo ilikadiriwa sehemu ya watu wote waliokuwa na kirusi katika wiki husika, na makadirio hayo yalitolewa pamoja na kiwango cha chini na cha juu cha uwezekano wa kukosea. Lugha yao ilikuwa nyepesi kuliko ya dashibodi yoyote niliyoitumia. Kwa wiki iliyoishia tarehe 26 Machi 2022, kwa mfano, walitangaza kwamba mtu mmoja kati ya 13 nchini England alikuwa na kirusi. Hapo hahitajiki mtaalamu: mtu anayeingia kwenye basi lenye watu arobaini anaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Siku chache baada ya wiki hiyo, Aprili mosi, vipimo vya bure viliondolewa kwa watu wengi wa England, na idadi ya wagonjwa waliothibitishwa ikapoteza maana kwa sababu waliokuwa wakijipima walipungua. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba haukuyumba, kwa kuwa haukutegemea utashi wa mtu kwenda kupimwa. Nimewahi kuweka michoro miwili hiyo pamoja mbele ya wenzangu, mmoja ukiporomoka baada ya vipimo kuondolewa na mwingine ukifuata mwendo wake, na sijaona somo fupi kuliko hilo juu ya tofauti kati ya kuhesabu waliogunduliwa na kukadiria walioambukizwa. Kasoro za uchunguzi huo ni mbili. Ulikuwa na gharama kubwa mno, na majibu yake yalichelewa kwa wiki moja au zaidi, kwa hiyo haukufaa kwa mtu anayetaka kujua hali ya jana. Hata hivyo, ningelazimishwa kuchagua huduma moja tu ya kuibakiza kwa janga lijalo, ningeichagua hii bila kusita.

Kwa sehemu kubwa ya dunia hapakuwa na uchunguzi wa aina hiyo, na huko ndiko ramani nyekundu ilikopotosha zaidi. Mwaka 2021 ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ya Afrika ilikadiria kwamba ni mmoja tu kati ya walioambukizwa saba barani humo aliyekuwa akigundulika, na uchambuzi wake wa mwaka uliofuata, uliotegemea tafiti za kingamwili, ulionyesha pengo kubwa zaidi ya hapo. Utafiti ulionigusa zaidi ulifanyika Lusaka, Zambia, kati ya Juni na Septemba 2020. Watafiti walichukua sampuli puani mwa marehemu 364 walioletwa katika chumba cha kuhifadhia maiti, wakawakuta 58, takriban asilimia 16, wakiwa na kirusi. Kati ya marehemu hao waliokutwa na kirusi, wachache mno walikuwa wamepimwa kabla ya kufariki. Katika miezi hiyohiyo duara la Zambia kwenye ramani lilikuwa dogo, na wachambuzi wa mbali walikuwa wakieleza kwa kujiamini kwa nini Afrika imenusurika.

Ndiyo maana, pale ambapo vipimo vimekosekana, mimi hugeukia vifo vya ziada, yaani tofauti kati ya watu waliofariki kwa sababu zote na wale ambao wangetarajiwa kufariki katika mwaka wa kawaida. Shirika la Afya Duniani lilipotoa makadirio yake Mei 2022 lilifikia vifo vya ziada milioni 14.9 kwa miaka ya 2020 na 2021, ilhali vifo vya korona vilivyoripotiwa kwa kipindi hicho vilikuwa milioni 5.4. Tovuti ya Our World in Data, inayoendeshwa kutoka Oxford, ndiyo iliyoniwezesha kuyaona mambo haya kwa pamoja: wagonjwa kwa kila watu milioni moja, wastani wa siku saba unaosawazisha mapengo ya mwisho wa wiki, vipimo, na vifo vya ziada, vyote katika mchoro ambao mtu anaubadilisha kwa kubofya. Haina mvuto wa ramani nyeusi, na sioni haja ya kuieleza kwa kirefu, kwa kuwa inafanya kazi yake vizuri na inataja chanzo chini ya kila mchoro. Kwa mtu anayetaka kuanza, aanzie hapo.

Nextstrain ni kitu cha aina nyingine kabisa, na kwangu ndiyo iliyokuwa ugunduzi wa furaha. Inaongozwa na Trevor Bedford wa Seattle na Richard Neher wa Basel, na haihesabu wagonjwa. Inafuata nasaba ya kirusi. Mpangilio wa vinasaba vya kirusi cha korona una herufi zipatazo 30,000, na katika miezi ya mwanzo ya janga kila ukoo wake ulikuwa ukipata takriban mabadiliko mawili ya kudumu kwa mwezi. Mabadiliko hayo hurithiwa, kwa hiyo kirusi kilichochukuliwa kwa mgonjwa mmoja kikilinganishwa na vingine huonyesha kimetokana na tawi lipi. Ukifungua ukurasa wao unaona mti umelala ubavu, matawi yakienda kulia kadiri muda unavyosonga, na kila ncha ni sampuli ya mgonjwa mmoja aliyekaa mahali fulani siku fulani. Unabofya kitufe cha kuchezesha, na ramani iliyo pembeni inaanza kuchora mistari kutoka bara hadi bara. Mara ya kwanza nilikaa nikiitazama hadi chai ikapoa, maana kwa mara ya kwanza niliona ugonjwa ukisafiri badala ya kuuona ukijumlishwa.

Lazima nieleze kwa uwazi jinsi uzuri huo unavyoweza kudanganya. Mistari inayoruka juu ya bahari ni makisio ya kitakwimu, wala si kumbukumbu za safari za watu. Ncha za mti zinatoka kwa wingi katika nchi zenye maabara nyingi za kusoma vinasaba, hasa Uingereza na Denmark katika miaka ile, na ingawa Nextstrain huchagua sampuli elfu chache kwa uwiano wa mahali na wakati ili kupunguza upendeleo huo, haiwezi kuchagua sampuli ambayo haikuchukuliwa. Nchi isiyosoma vinasaba haionekani kwenye mti, kama vile nchi isiyopima haionekani kwenye ramani nyekundu.

Novemba 2021 jambo hili liliacha kuwa la kitaalamu tu. Maabara za Afrika Kusini na Botswana zilikigundua kirusi chenye mabadiliko mengi yasiyo ya kawaida. Walisaidiwa na alama ya bahati: baadhi ya vipimo vya PCR, yaani vipimo vya maabara vinavyotafuta vinasaba vya kirusi, hutafuta sehemu tatu za kirusi, na aina hii mpya ilikuwa ikijitokeza kwa sehemu mbili huku ya tatu ikishindwa, kwa hiyo ungeweza kuufuata mwenendo wake kwenye majibu ya kawaida ya maabara kabla ya kusoma vinasaba vyote. Taarifa zilifika Shirika la Afya Duniani tarehe 24 Novemba, na tarehe 26 kikapewa jina la Omikroni. Nchi nyingi zikafunga milango yake kwa wasafiri wa kusini mwa Afrika karibu papo hapo. Siku chache baadaye taasisi ya afya ya Uholanzi ikaeleza kwamba ilikuwa imekikuta kirusi hicho hicho katika sampuli za tarehe 19 na 23 Novemba, yaani kilikuwa tayari kimo nchini humo kabla ya tangazo. Kwenye ramani, mahali kilipogunduliwa palikuwa pameshageuka mahali kilikotoka, na waliofanya kazi nzuri kuliko wote ndio walioadhibiwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeanza kutumia herufi za Kigiriki tangu Mei mwaka huo hasa ili majina ya nchi yasibandikwe kwenye aina za kirusi, lakini herufi haikutosha kuizuia ramani isisomwe vibaya. Nextstrain ingefaa iandike karibu na kila mstari ni sampuli ngapi zilizosomwa katika nchi unakoanzia na ngapi katika nchi unakoishia.

Nitasema kidogo juu ya maji taka, kwa kuwa ndiyo huduma niliyoichelewa. Watu wengi walioambukizwa hutoa vipande vya kirusi kwenye choo, pamoja na wale ambao hawatajisikia kuumwa wala kwenda kupimwa, kwa hiyo chupa moja ya maji kutoka mtambo wa majitaka inabeba habari za mji mzima. Watafiti wa Uholanzi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukikuta kirusi humo mapema mwaka 2020, na Marekani ilianzisha mfumo wake wa kitaifa Septemba mwaka huo. Kinachonivutia ni namna wanavyokabiliana na mvua, ambayo huyazimua maji na kuufanya ugonjwa uonekane umepungua. Maabara nyingi hupima sambamba kirusi kingine cha mimea ya pilipili, ambacho watu hukila bila kudhurika na kukitoa kwa kiasi kisichobadilika sana, kisha hulinganisha korona na hicho. Kirusi cha pilipili kikishuka pamoja na korona, basi ni mvua. Kipimo hiki hakisemi ni watu wangapi wanaoumwa, na hakifiki mahali pasipo na mabomba ya majitaka, lakini hakimhitaji mtu yeyote ajitokeze, na tangu vipimo vya bure vipungue duniani ndicho ninachokiamini zaidi kwa swali la kama wimbi linapanda au linashuka.

Siku ramani ya Johns Hopkins ilipofungwa, tarakimu zake kubwa zilisimama kwenye wagonjwa zaidi ya milioni 676 na vifo vipatavyo milioni 6.88. Walieleza kwamba serikali nyingi zilikuwa zimeacha kutoa takwimu za kila siku, na uamuzi huo ulikuwa wa uaminifu: ni afadhali kufunga kuliko kuendelea kuchora ukimya. Ombi langu kwa yeyote anayejenga dashibodi ya ugonjwa ujao linahusu ukimya huo huo. Naomba rangi moja itengwe kwa ajili ya nchi isiyotoa taarifa, rangi tofauti kabisa na ile ya sifuri na tofauti na ile ya idadi ndogo, na naomba ibadilike yenyewe baada ya wiki mbili bila takwimu mpya. Katika jedwali la Johns Hopkins mstari wa Tanzania ulifika 509 Mei 2020, nchi ilipoacha kutangaza idadi ya wagonjwa, na ukiusogeza kwenda kulia siku baada ya siku utaisoma 509 hiyo hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa mwandiko uleule na ndani ya duara jekundu lilelile, bila chochote cha kumwambia msomaji kwamba hapo hesabu haikuwa imetulia bali haikuwepo.